Usiku wa Ijumaa ni Lini?

"Kupata sawa hakunisumbui," alisema Mwalimu Eliasi. "Jibu sahihi ni moja. Hata darasa zima mkilipata, heri yenu. Lakini kukosea sawa! Hapo pana neno."

Wasichana wawili walikuwa wamesimama mbele ya meza yake, mikoba mabegani. Viti viwili vilikuwa vitupu pembeni yao, naye hakuwaambia wakae. Mlango alikuwa ameuacha wazi, na wenzao waliokuwa wakipita koridoni walipunguza mwendo ili wasikie.

Kazi aliyowapa ilikuwa nyepesi, ya watu wa mwaka wa kwanza wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kuna kampuni ya ulinzi, ya kubuni tu, inayolinda nyumba za Njiro. Mlinzi anayeshika zamu ya usiku wa Ijumaa anaongezwa posho, kwa sababu usiku huo wenye nyumba wana sherehe na magari hayaishi kuingia na kutoka. Andika programu ya kukokotoa malipo ya kila mlinzi kwa wiki. Darasa zima lilitoa posho Ijumaa jua likishazama. Ni wawili tu, Najat Jamaldini na Naipanoi Meitamei, ambao programu zao ziliwapa walinzi posho siku ya Alhamisi.

"Siku tunazihesabu kuanzia sifuri," alisema Mwalimu Eliasi. "Jumatatu sifuri, Ijumaa nne. Ninyi mmeweka tatu. Majina mmebadilisha, mistari mmeipangua, lakini hiyo tatu imekaa palepale kama chapa ya ng'ombe. Nani amedesa kwa mwenzake?"

"Sijadesa, mwalimu," alisema Naipanoi.

"Hata mimi," alisema Najat, upesi mno.

"Basi kamati itaamua. Jumatano saa nne asubuhi, mje na wazazi. Aliyenakili anarudi nyumbani mwaka mzima, na mkopo wake unasimamishwa. Na kama hakuna wa kusema, mtarudi wote wawili. Haya, nendeni, na mnifungie mlango."

* * *

Tusizungushane. Aliyedesa ni Najat.

Si kwamba alikuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto aliyezoea kusifiwa, na hiyo ni hatari ya aina yake. Baba yake, Jamaldini, fundi wa kushona viti vya magari ya watalii, alimsomesha shule za Kiingereza tangu chekechea, akawa anakizungumza kama maji. Pale gereji, gari lolote likiletwa, dereva hakuondoka kabla hajaambiwa kwamba binti wa fundi anasomea kompyuta. Najat alipofika chuoni, akakutana na somo lisilojali mtu anavyotamka maneno. Mwalimu alipofundisha namna ya kuifanya kompyuta irudie jambo mpaka liishe, Najat aliitikia kwa kichwa kama wenzake. Alirudi nyumbani, akajaribu, kompyuta ikarudia bila kuisha. Akaifunga. Hakumwambia mtu.

Naipanoi alikuwa na njia yake. Yeye alitoka upande wa pili wa Mlima Meru, kule Oldonyosambu, kwa wakulima na wafugaji, na nyumbani kwao walizungumza Kimaasai. Mama yake mzazi, Nalepo, alikuwa akimuuzia maziwa mama yake Najat, Bi Chiku, na kutokana na maziwa hayo wakawa ndugu. Naipanoi alipofaulu kuja kusoma mjini kidato cha tano, Bi Chiku alisema mtoto hawezi kupanga chumba peke yake wakati yeye ana nyumba mtaa wa Daraja Mbili. Akaja, akakaa, na chuo kikuu kikamkuta hapohapo. Alilala chumba kimoja na Najat. Kompyuta ilikuwa moja, Jamaldini aliinunua akasema ni ya wote wawili.

Maswali ya chuoni huja kwa Kiingereza, na Naipanoi hakukiamini Kiingereza. Alikuwa na desturi ya kuligeuza kila swali kwa Kiswahili kwanza, tena kwa sauti, jikoni, huku akimenya viazi. Bi Chiku ndiye aliyekuwa kompyuta yake.

"Haya mama, umepewa mlinzi. Utamfanya nini?"

"Nitamkaribisha chai."

"Mama! Kompyuta haijui chai. Haijui kitu chochote mpaka uiambie."

"Basi ni kama Baba Najat anapotafuta soksi zake."

Wakacheka. Kisha Naipanoi akaendelea kupanga maneno yake polepole, kisu mkononi: kama ameshika zamu usiku wa Ijumaa, muongeze posho; kama hakushika, mpe mshahara wake mtupu; kisha mwite mlinzi anayefuata, mpaka walinzi waishe. Bi Chiku alifuata kila hatua, na pale alipopotea, Naipanoi alijua ameacha kitu, akarudi kukitengeneza. Alipomaliza viazi, programu ilikuwa imekamilika kichwani mwake.

Sasa sikiliza kosa lilivyoingia. Bi Chiku alizaliwa Pangani, na kwa watu wa kwao usiku unatangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwake, ni Alhamisi magharibi ikishaingia. Ndipo anapochoma udi na kusoma Yasini. Naipanoi alipohamia pale, aliambiwa usiku wa Ijumaa kutakuwa na wageni, awahi kusaidia. Akawahi kweli, Ijumaa jioni, akakuta wageni walikula na kuondoka jana yake na masufuria yameshakauka. Bi Chiku alicheka hadi akakaa chini, halafu akamweleza. Tangu siku hiyo Naipanoi hakukosea tena. Kiswahili cha shuleni alikuwa nacho, lakini Kiswahili cha kuishi nacho alikipata katika nyumba ile. Basi alipokaa kwenye kompyuta kuandika siku ya posho, aliweka tatu, Alhamisi, bila kusita hata kidogo.

Jumapili, Naipanoi akiwa kanisani, Najat alilifungua faili lake. Alibadilisha majina, akapangua mistari, akaituma kazi ile siku ileile. Ile tatu aliiona. Hakuielewa, akaona bora asiiguse. Naipanoi alituma ya kwake Jumatatu asubuhi.

* * *

Walipotoka kwa Mwalimu Eliasi waliongozana kwa miguu hadi walipolivuka lango la chuo.

"Najat," alisema Naipanoi, "ulifungua faili langu?"

"Faili lako la nini? Unaniona mimi mwizi?"

"Nauliza tu."

"Mimi nimetuma Jumapili. Wewe umetuma Jumatatu. Sasa nani amefungua la mwenzake?"

Naipanoi alimtazama. Hakuwa amesema yeye alituma lini. Alielewa palepale, na Najat akaona kwamba ameelewa, na wote wawili wakaendelea kutembea. Naipanoi angeweza kupiga kelele. Lakini alikuwa amekula ugali wa nyumba ile tangu akiwa na sare ya shule, na mtu hujifikiria mara mbili kabla ya kumwita mwizi mtoto wa nyumba inayomlisha. Alichosema ni hiki tu: "Tutamwambia nini mama?"

Najat akaongeza mwendo.

* * *

Aliyeambiwa kwanza ni Jamaldini, na aliambiwa na Najat, kwenye chakula cha jioni, kwa maneno machache yaliyopangwa vizuri. Programu mbili zimefanana kosa. Wameambiwa mmoja kamwibia mwenzake. Jumatano kamati.

Jamaldini aliweka tonge chini. "Kosa gani?"

Najat akaeleza: posho ya usiku wa Ijumaa wameitoa Alhamisi.

Jamaldini akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona ufunguo aliodhani umepotea.

"Usiku wa Ijumaa! Mama Najat, umesikia? Hilo si kosa, hicho ni Kiswahili chetu cha nyumbani! Mwanangu amekisikia tangu tumboni. Huyo mwalimu hajui tu." Alinawa mkono, akasimamisha kidole. "Haya. Na huyu mwenziwe, mtoto wa Kilutheri, kutoka kule mlimani, hesabu ya usiku wa Ijumaa ameitoa wapi? Eh? Ameitoa wapi kama si kwa Najat?"

Alikuwa akiongea na mkewe, lakini Naipanoi alikuwa amekaa palepale mkekani, bakuli la mchuzi likiwa kati yao. Taratibu akaurudisha mkono wake.

"Baba, niliandika mwenyewe," alisema.

"Binti, sikugombezi. Kila mtu huteleza. Lakini utakwenda kusema ukweli mbele ya kamati, maana mwanangu hawezi kuzama kwa ajili yako. Na ile kompyuta, kuanzia leo, iache kidogo."

"Sawa, baba."

"Baba Najat," alisema Bi Chiku.

"Nini?"

Bi Chiku alimtazama bintiye. Najat alikuwa akikusanya punje za wali moja moja kwenye ukingo wa sahani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

"Hakuna kitu," alisema Bi Chiku. "Maliza kula."

* * *

Asubuhi yake Bi Chiku alikuwa barazani na karai la vitumbua, kama kawaida, kwa wateja wanaokwenda kazini. Alimngoja Naipanoi atoke kwenda kununua sukari, kisha akamwita Najat.

"Ile programu, Nai alinisomea mimi," alisema, macho kwenye mafuta. "Jikoni. Mimi ndiye niliyekuwa kompyuta. Mlinzi wa kwanza mpaka wa mwisho. Wewe ulikuwa wapi?"

Najat akaangalia barabarani.

"Ulikuwa chumbani na simu yako. Kila usiku wa Ijumaa nakuita uje usome Yasini na mimi, unaniambia nakuja, huji. Leo baba yako anasema umekisikia tangu tumboni. Nakuuliza wewe mwanangu, usiku wa Ijumaa ni lini?"

"Mama, naomba."

"Ni lini?"

Najat akaanza kulia, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Alisema hakuelewa somo tangu wiki ya kwanza. Alisema kila mtu alidhani anaelewa kwa sababu anajua Kiingereza. Alisema baba amewatangazia watu wote gereji, na akirudishwa nyumbani mwaka mzima baba atapitia wapi? Atawaambia nini madereva? "Mama, nitakufa kwa aibu. Kweli nitakufa."

"Hakuna aliyekufa kwa aibu. Nenda kaseme mwenyewe kabla ya Jumatano. Mwalimu atakuhurumia."

"Hawahurumii. Na Nai ana akili, mama, hata akikaa mwaka atarudi na atafaulu. Mimi nikitoka sirudi."

Yawezekana lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma Bi Chiku zaidi.

"Na usiposema?" aliuliza.

Najat alijifuta uso kwa kanga ya mama yake, kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Nisiposema, utasimama wewe mbele za watu umseme mwanao wa kumzaa?"

Mteja alifika na shilingi mia tano akitaka vitumbua viwili. Bi Chiku aligeukia karai akakuta vyote vimeungua. Akamwomba radhi mteja, akamimina mafuta upya.

Jumanne nzima alimngoja Najat aende kwa mwalimu. Najat alikwenda chuoni, akarudi, akasema alimkosa. Bi Chiku hakuuliza alimtafuta saa ngapi. Jioni akamsuka nywele ili aonekane nadhifu mbele ya kamati.

* * *

Jumatano, Meitamei, baba yake Naipanoi, alishuka kutoka mlimani akiwa amevaa shuka lake jipya na koti juu yake, fimbo mkononi. Alifika langoni mapema kuliko wote. Mlinzi wa getini alimwangalia juu mpaka chini.

"Mzee, umewahi sana. Zamu ya usiku inaingia saa kumi na mbili jioni. Na upitie mlango wa nyuma, kule kwa msimamizi wenu."

"Mimi ni mzazi," alisema Meitamei.

"Mzazi wa nani?"

"Wa mwanafunzi. Nimeitwa kwenye kamati."

Mlinzi akaomba radhi, lakini alimsimamisha ukutani hadi Jamaldini alipofika na mkewe, akiwa na shati lake la pasi, na kusema kwamba huyo mzee yuko pamoja naye. Meitamei akamshukuru kwa mikono miwili. Alimuuliza hali ya nyumbani, hali ya kazi, hali ya watoto, akamwambia Nalepo anawasalimu sana. Jamaldini aliitikia huku akitazama pembeni. Si rahisi kusalimiana vizuri na mtu unayekwenda kumwangusha mtoto wake.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, mwenyekiti wake akiwa Dokta Hanna, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Wasichana waliambiwa kila mmoja aeleze programu yake. Najat alisimama akaeleza mstari kwa mstari, kwa Kiingereza kilichonyooka, maana alikuwa ameikariri usiku na mchana kama mtu anayekariri shairi. Wajumbe wakaandika. Naipanoi alipoanza, Kiingereza kilimkwama kwenye neno la tatu. Akahamia Kiswahili.

"Hapa ni chuo kikuu, binti," alisema mjumbe mmoja.

Akarudi kwenye Kiingereza, akasema kidogo, akakosea, akanyamaza. Yale yote aliyoyapanga jikoni bila shida, mlinzi wa kwanza mpaka wa mwisho, yalibaki kooni.

Mwalimu Eliasi, aliyekaa pembeni ya wajumbe, aliuliza kama wazazi wana neno. Jamaldini akasimama.

"Waheshimiwa, mimi fundi viti tu, kompyuta siijui. Lakini Kiswahili nakijua." Akaeleza. Alieleza vizuri, lazima tumpe haki yake: jinsi usiku unavyotangulia mchana, jinsi mkewe anavyochoma udi Alhamisi na kuuita usiku wa Ijumaa, jinsi mtoto anavyolelewa na maneno ya nyumbani. Wajumbe waliacha kuandika wakamsikiliza. Mwalimu Eliasi aliinamisha kichwa, kisha akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hata yeye hakupenda kuwafukuza wote wawili.

"Kwa hiyo mwanangu kakosea kwa sababu ya nyumba yake," alimaliza Jamaldini. "Huyu mwingine kakosea kwa sababu ya nini?"

Dokta Hanna akamgeukia Meitamei. "Mzee, kwenu mkisema usiku wa Ijumaa, ni lini?"

Meitamei alisimama, akaegemea fimbo. Alitaka kujibu kwa uaminifu, kama alivyojibu kila swali maishani.

"Ni Ijumaa, jua likilala."

"Baada ya mchana wa Ijumaa?"

"Ndiyo. Usiku unafuata mchana wake. Utakwenda wapi tena?"

Watu wakacheka kidogo, naye akatabasamu pamoja nao. Akakaa akiwa ameridhika, bila kujua kwamba amemfunga binti yake kwa kamba. Naipanoi alifumba macho.

"Naipanoi," alisema Dokta Hanna, kwa upole sasa, na kwa Kiswahili. "Wewe ulijifunza wapi kwamba ni Alhamisi?"

"Nilifundishwa na mama."

"Lakini baba yako amesema sasa hivi..."

"Yule wa nyumbani namwita yeyo. Mama ni huyu."

Wote wakamgeukia Bi Chiku. Alikuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, ushungi umemfunika hadi mashavuni. Hakuwa amepangiwa kusema kitu.

"Mama," alisema Dokta Hanna, "ni kweli ulimfundisha?"

Mbele yake Bi Chiku aliona visogo viwili. Cha Naipanoi kilikuwa kimenyooka, kinangoja. Cha Najat kilikuwa kimeinama, mistari ya misuko ikionekana, mistari aliyoichana yeye mwenyewe jana, na chini ya sikio, lile kovu dogo la tetekuwanga ambalo alikesha akiliombea lisichimbike. Alimzaa huyu. Alikaa leba siku mbili kwa ajili yake. Jamaldini alikuwa amegeuka anamtazama, na usoni mwake hamkuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu hakujua kitu.

"Sikumbuki," alisema Bi Chiku.

Feni ilizunguka juu yao. Mjumbe mmoja akaandika.

Naipanoi angeweza kutaja ile Ijumaa, wale wageni waliokwisha kuondoka, yale masufuria makavu. Angeweza kutaja viazi. Aligeuza shingo akamtazama Bi Chiku, mara moja, kisha akageuka mbele.

"Una la kuongeza?" aliuliza Dokta Hanna.

"Hapana. Kama mama hakumbuki, basi."

"Basi nini?"

"Basi andikeni jina langu."

Kule alikozaliwa, mtoto hamwiti mama yake mwongo mbele za watu. Na Daraja Mbili alikolelewa ni vivyo hivyo.

* * *

Waliambiwa wangoje nje wakati kamati inaandika uamuzi, ingawa kila mtu alikwisha kuujua. Nje kulikuwa na benchi chini ya ukuta. Najat alikaa mwisho kabisa wa benchi, mikono kati ya magoti. Naipanoi alisimama peke yake kwenye nguzo. Alikuwa analia sasa, bila sauti, akitazama mlima kana kwamba kuna mtu anamngoja huko.

Meitamei alisimama kwa muda akiyapanga maneno. Kisha akaiweka fimbo yake chini, akawasogelea Jamaldini na Bi Chiku kwa mikono mitupu, akainamisha kichwa.

"Baba Najat. Mama Najat. Mimi sikusoma, hayo ya ndani sikuyaelewa yote. Lakini nimeelewa kwamba mtoto wangu ameiba katika nyumba yenu. Nyumba iliyomlea." Akainyoosha ile mikono mitupu. "Mimi na Nalepo tumeaibika sana. Jumamosi nitaleta kondoo. Tumchinje hapo kwenu, tule pamoja, mtusamehe, na huyu mtoto mmsamehe, yaishe."

"Hapana mzee, usijisumbue," alisema Jamaldini, akamshika bega. Alikuwa mwema, alikuwa ameshinda, na moyo wake ulikuwa mkunjufu. "Haya ni mambo ya watoto. Sisi tumeshasamehe. Lakini kama ni desturi yenu, basi karibu, hatuwezi kukataa kondoo wako."

"Ahsante. Ahsante sana." Meitamei akamgeukia binti yake. "Naipanoi, njoo umwombe mama msamaha."

Naipanoi akajifuta uso kwa kiganja. Akaja. Akapiga goti pale kwenye saruji mbele ya Bi Chiku, na watu wanaopita na madaftari yao wakasimama kutazama.

"Mama," alisema, "nisamehe."

Bi Chiku alifungua mdomo ili ajibu. Maneno ni mepesi: nimekusamehe, mwanangu, inuka. Aliyatafuta, na hayakuja. Alimtazama Najat kule mwisho wa benchi, akimngoja, akimpa nafasi ya mwisho. Hata sasa, kama angeinuka tu. Najat alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

Basi Bi Chiku akainama yeye. Akamshika Naipanoi mikono akamwinua, akamkung'uta vumbi magotini kama mtoto mdogo. Akageuka akaanza kurudi kwenye mlango walikotoka.

"Mama Najat," aliita Jamaldini. "Unakwenda wapi? Wameshamaliza."

Hakugeuka.

"Mama!" Hiyo ilikuwa sauti ya Najat, kali, ya mtoto anayeachwa sokoni. Iliingia mgongoni mwa Bi Chiku, na hatua yake ikakatika. Alisimama. Alilia pale alipokuwa amesimama, mbele ya wote. Kisha akaendelea.

Akagonga mlango, akausukuma. Dokta Hanna aliinua uso, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi.

"Karibu mama. Umesahau kitu?"

"Nilisahau," alisema Bi Chiku. "Sasa nimekumbuka."